Kujiandaa kabla sera ya biashara haijabadilika: ufafanuzi kwa wauzaji nje wa Dar es Salaam

Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India iliziondoa mbaazi kwenye kundi la bidhaa zinazoingia nchini humo bila kikomo, ikaziwekea ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Kwetu huo ulikuwa mwanzo wa mavuno. Mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zilikuwa zinaingia maghalani, na mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani akawa amefunga mlango. Bei iliyowahi kupita shilingi 2,000 kwa kilo miaka miwili nyuma ikaanguka hadi shilingi mia chache. Wapo wakulima walioziacha shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei.

Wengi wanaikumbuka habari hiyo kama jambo lililotokea ghafla. Ukirudi nyuma miezi michache, unakuta dalili zilikuwa hadharani. Mwaka 2015 bei ya mbaazi India ilifika kama rupia 200 kwa kilo. Wakulima wa huko wakalima kwa wingi, na mavuno ya msimu wa 2016/17 yakakaribia mara mbili ya yale yaliyotangulia. Machi 28, 2017, India ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje. Serikali inapoanza kutoza ushuru zao ambalo juzi tu ililitafuta kwa udi na uvumba, ina maana wakulima wake wameanza kulalamika kwamba bei imeshuka. Ushuru usipotosha kuzuia mzigo, hatua inayofuata kwa kawaida ni ukomo wa kiasi au marufuku. Kutoka Machi hiyo hadi Agosti ni miezi minne na ushee.

Mkulima wa Nachingwea hakuwa na la kufanya, maana mbegu ilishakuwa ardhini. Lakini mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuwa anapanga fedha za kununulia msimu alikuwa na muda. Benki iliyokuwa inamkopesha nayo ilikuwa na muda, na ofisi za umma zenye kazi ya kufuatilia masoko vilevile.

Amri ile ilikuwa na kipengele kingine ambacho hakikuzungumzwa sana huku kwetu: ukomo haukugusa mzigo ambao India ilikwisha kuahidi kuununua kwa makubaliano ya serikali na serikali. Msumbiji alikuwa nayo makubaliano hayo. Aliyapata Julai 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alipozuru kanda hii katika safari ambayo ilimfikisha na Dar es Salaam. Mlango ulipofungwa, Msumbiji akabaki na nafasi yake ya kuuza kwa miaka mitano. Mbaazi zilikuwa zilezile na msimu uleule. Kilichotofautiana ni karatasi iliyosainiwa mwaka mmoja kabla.

Tangu Mei 2021 India imezifungulia tena mbaazi, lakini kwa muda, ikisogeza mbele tarehe ya mwisho kila inapokaribia, na mara nyingi tarehe hiyo imekuwa Machi 31. Sisi tunavuna Agosti hadi Oktoba. Kwa hiyo anayesaini mkataba wa mbaazi Januari, kabla nyongeza haijatangazwa, anauza zao ambalo hana hakika kama litaruhusiwa kuingia. Anaweza kufanya hivyo kwa kujua, akaweka kinga kwenye mkataba. Akifanya bila kujua, anacheza na mtaji wake na wa watu wengine.

Mwendo wa polepole na mwendo wa ghafla

Mabadiliko ya sera hayaji kwa mwendo mmoja. Yapo ya polepole: sheria inaandikwa, inajadiliwa, inachapishwa, pengine inaahirishwa, kisha inaanza. Viwango vya mabaki ya viuatilifu, masharti ya misitu na kuisha kwa nafuu za ushuru vyote viko humo. Yapo pia ya ghafla, ambapo waziri anasaini leo na lori linazuiwa kesho. Ya polepole unajiandaa nayo kwa kumbukumbu na vipimo. Ya ghafla unajiandaa nayo kwa mkataba, kwa kuwa na wanunuzi wa zaidi ya nchi moja, na kwa kutofunga fedha zote kwenye mzigo mmoja. Anayeyachanganya anajikuta anahangaika kutafuta cheti siku ambayo alihitaji kipengele cha mkataba, au kinyume chake.

Kwenye mwendo wa polepole kuna haki ambayo wauzaji wengi hawajui kuwa wanayo. Nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, zinatakiwa kuwataarifu wenzao zinapotaka kubadilisha masharti ya viwango, usalama wa chakula au afya ya mimea yanayoweza kugusa biashara. Kwa kawaida taarifa inatoa siku 60 za kupokea maoni, na baada ya sharti kuchapishwa kunatarajiwa kupita angalau miezi sita kabla halijaanza kutumika, isipokuwa kwa dharura. Taarifa hizo zinawekwa kwenye mfumo wa bure unaoitwa ePing, unaoendeshwa na WTO pamoja na Umoja wa Mataifa na Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva. Unajisajili kwa barua pepe, unachagua bidhaa na nchi unazouzia, kisha unaletewa taarifa kila inapotokea. Kila nchi pia ina dirisha lake la maulizo, na kwa mambo ya viwango vya kiufundi dirisha la Tanzania ni TBS, pale Ubungo.

Tuone namna sharti moja linavyofanya kazi. Klorpirifosi ni kiuatilifu kilichozoeleka mashambani kwa miaka mingi. Januari 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kukiongezea kibali. Kuanzia Novemba 13, 2020, kiwango cha mabaki yake kinachoruhusiwa kwenye chakula kilishushwa hadi miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja katika tani 100. Kontena la tani 19 likibeba mabaki yanayofika robo ya gramu, limevuka kiwango. Japani, ambayo ni mnunuzi wa siku nyingi wa ufuta wetu, inatumia 0.01 hiyohiyo kwa viuatilifu vyote ambavyo haijaviwekea kiwango maalumu.

Kiasi kidogo namna hiyo hakisafishwi ghalani. Hakuna kupepeta wala kuosha kutakakokirudisha chini ya kiwango kwa uhakika. Kinazuiwa shambani, na mara nyingi kinazuiwa kwa swali dogo tu: gunia hili lilihifadhiwa wapi, na pembeni yake kulikuwa na nini? Ufuta safi ukilazwa wiki mbili kwenye stoo iliyopulizwa dawa ya wadudu wa mahindi, unachukua mabaki ambayo mkulima mwenyewe hakuyaweka. Kwa hiyo muuzaji aliyeipata taarifa Januari angetumia miezi iliyobaki kuzungumza na wenye maghala, kabla hata ya kuwafikia wakulima. Na angepeleka sampuli maabara kabla ya kupakia, kwa sababu kipimo cha hapa ni gharama ndogo ukilinganisha na kontena lililokwama Rotterdam au Yokohama, likilipiwa maegesho kila siku.

Ushuru unalipwa na nani

Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za karibu nchi zote, Tanzania ikiwemo, swali lililosikika sana Kariakoo na Kurasini lilikuwa: tutaulipaje? Jibu ni kwamba muuzaji wa Dar es Salaam haulipi. Ushuru wa forodha wa Marekani unalipwa Marekani, na kampuni iliyoagiza mzigo. Lakini maumivu yanarudi huku kwa njia ya bei, na ili uyapime lazima ujue vitu viwili: namba ya HS ya bidhaa yako, na nafuu uliyokuwa unapata kabla.

Namba ya HS ndiyo jina la bidhaa mbele ya forodha. Tarakimu zake sita za mwanzo zinafanana kwa nchi zote zinazoutumia mfumo huo, ambazo ni karibu dunia nzima. Kahawa mbichi ni 0901.11, iliyokaangwa ni 0901.21. Korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Mbaazi ni 0713.60, ufuta 1207.40. Ukiwa huijui namba yako, habari yoyote ya ushuru unayoisikia redioni huwezi kujua kama inakuhusu. Na ukimwachia wakala wa forodha aikisie, siku ya ubishi utabeba wewe.

Sasa chukua Oktoba 2025. AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi nyingi za Afrika kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru, ilifikia ukomo wa muda wake Septemba 30, 2025, na ushuru mpya wa asilimia 10 ulikuwa bado upo. Fulana ya pamba bila AGOA inatozwa asilimia 16.5. Tuseme kiwanda cha Dar es Salaam kinaiuza kwa dola 3 ikiwa bandarini. Marekani inahesabu ushuru kwenye bei hiyo ya bandarini, bila nauli ya meli. Asilimia 16.5 ni senti 49 na nusu, asilimia 10 ni senti 30. Fulana iliyokuwa inaingia kwa dola 3 ikawa inaingia kwa karibu dola 3.80. Kwa oda ya fulana 40,000 hiyo ni dola 31,800 ambazo lazima zitoke mahali. Mnunuzi ataandika barua pepe ya adabu kabisa akiomba mgawane.

Kahawa mbichi katika mwezi huohuo ilikuwa na hesabu nyingine. Marekani haitozi ushuru wa kawaida kwenye kahawa, kwa hiyo kuisha kwa AGOA hakukuigusa hata kidogo. Iliguswa na ile asilimia 10 tu, na mwezi uliofuata, Novemba 2025, kahawa, chai, ndizi na vyakula vingine kadhaa viliondolewa kwenye ushuru huo. Tangazo moja liliikuta fulana na kahawa, likaiacha kila moja na hali yake. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa aina ya "Marekani imepandisha ushuru, jihadharini" haumsaidii mtu.

Hapo kuna jambo linaloniuma. Nafuu za ushuru zinamlinda zaidi aliyeongeza thamani. Malighafi, kama kahawa mbichi, mara nyingi zinaingia nchi tajiri bila ushuru hata bila mkataba wowote, kwa sababu viwanda vya huko vinazihitaji. Umoja wa Ulaya unatoza asilimia sifuri kwa kahawa mbichi, na asilimia 7.5 kwa iliyokaangwa kwa nchi isiyo na nafuu. Kwa hiyo sera ikibadilika, anayeumia kwanza ni yule tuliyemsihi akaange, ashone na afungashe. Yeye ndiye anayehitaji taarifa mapema kuliko wote.

Kabla sijaondoka kwenye ushuru, niseme kuhusu marejesho, maana fedha halali nyingi zinapotelea hapa. Marekani ina historia ya kuacha nafuu iishe muda, kisha kuirejesha baadaye kwa kurudi nyuma. Mpango wake wa nafuu ya jumla kwa nchi zinazoendelea uliisha Julai 31, 2013, ukarejeshwa Juni 2015, na waagizaji waliolipa ushuru katikati hapo wakaruhusiwa kudai warudishiwe. Soma vizuri: waagizaji. Muuzaji aliyekubali kupunguza bei ili kumsaidia mnunuzi kubeba ushuru hana dai lolote mbele ya forodha ya Marekani. Dai lake liko kwenye mkataba tu, kama aliliandika. Sentensi yenyewe ni fupi: "Endapo nafuu itarejeshwa na mnunuzi kurudishiwa ushuru, atamlipa muuzaji kiasi cha punguzo alilotoa ndani ya siku 30 baada ya kupokea fedha." Ukitoa punguzo bila sentensi hiyo, umetoa zawadi.

Alama sita baada ya nukta

Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji misitu, ambayo wafanyabiashara wanaiita EUDR, ilipitishwa mwaka 2023. Inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa zinazotokana navyo. Kwetu inamaanisha kwanza kahawa, kisha kakao ya Kyela na mbao. Korosho na ufuta havimo. Ilikuwa ianze kutumika Desemba 2024, ikaahirishwa mwaka mmoja, kisha Desemba 2025 ikaahirishwa tena: sasa ni Desemba 30, 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na Juni 30, 2027 kwa nyingi zilizo ndogo. Kila ilipoahirishwa, nilisikia watu wakishusha pumzi na kuifunga kompyuta. Naomba wasifanye hivyo. Tarehe ya kuanza imesogea, lakini tarehe ya kukata haijasogea: zao lisitoke kwenye ardhi iliyokuwa msitu na ukakatwa baada ya Desemba 31, 2020.

Anayewajibika kisheria ni kampuni ya Ulaya inayoingiza kahawa. Lakini taarifa anayotakiwa kuiwasilisha haipatikani Hamburg. Inapatikana Rombo, Mbinga na Karagwe, shamba kwa shamba. Kila shamba lililolimwa kahawa ile lazima lioneshwe mahali lilipo kwa vipimo vya latitudo na longitudo vyenye tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta. Shamba linalozidi hekta nne linachorwa mipaka yake yote. La chini ya hapo linatosha nukta moja, na hiyo ni faraja kubwa kwa wenye vihamba vya Kilimanjaro, ambavyo vingi havifiki hata hekta moja.

Tarakimu sita zina sababu. Digrii moja ni kama kilomita 111 ardhini. Ukiandika tarakimu tatu tu baada ya nukta, umebakiza ubishi wa karibu mita 111. Shamba la juu kule Rombo liko jirani na mpaka wa msitu, ule ukanda wa nusu maili unaouzunguka mlima. Mita 111 zinatosha kabisa kuitoa nukta yako migombani na kuitupa ndani ya msitu uliohifadhiwa, na mtu anayeangalia picha ya setilaiti akiwa Ulaya ataona kahawa inayodaiwa kutoka msituni. Kuna kosa lingine baya zaidi, nalo ni la alama moja. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu inaanza na alama ya kutoa. Karani akiisahau anaponakili kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta, shamba la Rombo linahamia jangwa la kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit. Mfumo utaipokea namba. Ubishi utakuja baadaye, mzigo ukiwa njiani.

Kwa hiyo kazi ya kufanya sasa iko kijijini. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inahitaji kijana mmoja mwenye simu nzuri, aliyefundishwa kusimama katikati ya shamba, kungoja simu itulie, kusoma namba zote na kuandika jina la mkulima kama lilivyo kwenye daftari la chama. Inahitaji pia kahawa za wakulima waliosajiliwa zisichanganywe na za wasiosajiliwa, kwa sababu gunia moja lisilo na asili linatia shaka shehena nzima. Kontena la kahawa ni magunia 320 ya kilo 60. Kwa wakulima wadogo hayo ni mashamba mengi mno kuyatafuta wiki moja kabla ya meli.

Gharama ya kazi hiyo isiachwe mabegani mwa mkulima. Nalisema hili kwa wauzaji wenzetu wakubwa wa mjini: anayepata soko la Ulaya ndiye mwenye faida ya kwanza, na ndiye anayepaswa kutanguliza. Na takwimu zikishakusanywa ziwe za chama, mkulima awe na nakala yake. Asijikute amefungwa kwa mnunuzi mmoja kwa sababu tu yeye ndiye mwenye ramani.

Jirani anapofunga mpaka

Masharti ya Ulaya yanaandikwa sana, lakini wafanyabiashara wengi wadogo wa Tanzania wanaumizwa na maamuzi ya karibu zaidi. Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa unga, mchele, tangawizi, ndizi na mazao mengine. Afrika Kusini nayo ilikuwa haijafungua mlango kwa ndizi zetu. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili, kisha siku chache baadaye ikaondoa zuio baada ya mazungumzo.

Mzigo unaooza hausubiri mazungumzo. Kwa anayepeleka tangawizi au ndizi, siku chache ni mtaji wote. Kinga yake ni ndogo lakini ipo: asipeleke malori yote kwa mpigo wakati maneno ya kisiasa yamepanda, na awe na mnunuzi wa ndani anayejulikana kwa jina, hata kwa bei ya chini, wa kupokea kitakachogeuzwa. Kwa nafaka ni rahisi zaidi. Tazama tena zuio la Kenya. Walioweza kurudi barabarani haraka ni waliokuwa na mahindi makavu yaliyopimwa. Sharti la sumukuvu halikuwa geni. Lilikuwemo kwenye viwango vya Afrika Mashariki siku zote, ila halikuwa linasimamiwa. Sharti lililolala kwenye karatasi linaweza kuamshwa asubuhi yoyote, na anayelitimiza likiwa bado limelala hapati shida likiamka.

Kwenye mkataba, jambo la kwanza la kuangalia ni tarehe ipi inahesabika. Ushuru wa Marekani wa Aprili 2025 uliuacha mzigo uliokwisha kupakiwa kabla ya Aprili 5 na uliokuwa njiani. Tarehe iliyo kwenye hati ya shehena ikawa na thamani ya fedha. Nchi nyingine zinaangalia siku mzigo unapoingia forodhani, nyingine zinautambua mkataba uliodhaminiwa kwa LC, yaani hati ya benki ya kuahidi malipo, kabla ya amri, nyingine haziachi chochote. Mwulize mnunuzi wako swali hili kabla ya kusaini, na jibu lake liandikwe. Kisha andika nani anabeba ushuru mpya ukitangazwa baada ya kusaini, nani analipia mzigo kurudishwa au kupelekwa nchi nyingine, na baada ya siku ngapi za zuio kila upande una haki ya kuvunja mkataba. Mikataba mingi ninayooneshwa ina kipengele cha vita na mafuriko, haina neno kuhusu amri ya serikali.

Kwa anayetafuta soko la pili, milango ipo. Eneo Huru la Biashara Afrika, AfCFTA, lilianza kufanya biashara rasmi Januari 2021, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za mwanzo kwenye mpango wa majaribio wa Oktoba 2022. China imeondoa ushuru wote kwa nchi zenye maendeleo duni, yetu ikiwemo, tangu Desemba 1, 2024, ingawa ushuru sifuri haumwondolei mtu sharti la afya ya mimea: parachichi letu lilihitaji makubaliano yake peke yake, yaliyosainiwa Novemba 2022. Cheti cha uasili wa bidhaa kinaulizwa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, cha afya ya mimea ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na taarifa za masoko zipo TanTrade, Barabara ya Kilwa kwenye viwanja vya Sabasaba. Nenda wakati huna mzigo. Siku ya mzigo hakuna mwenye nafasi ya kukueleza.

Badiliko la polepole kuliko yote

Tanzania inauza Ulaya bila ushuru wala ukomo kwa sababu imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, ambazo Umoja wa Ulaya umezifungulia kila kitu isipokuwa silaha tangu 2001. Ndiyo maana mwaka 2016 tuliweza kukataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya bila kupoteza soko. Kenya, isiyokuwa kwenye orodha hiyo, iliona cha moto: mazungumzo yalipochelewa, kuanzia Oktoba hadi Desemba 2014 maua yake yalitozwa ushuru Ulaya. Ya kwetu hayakutozwa.

Lakini kwenye mapitio ya mwaka 2024 Tanzania ilitimiza vigezo vya kutoka kwenye orodha hiyo kwa mara ya kwanza. Nchi hupendekezwa kutoka ikivitimiza kwenye mapitio mawili mfululizo, na mapitio yanayofuata ni 2027. Baada ya pendekezo hufuata miaka kadhaa ya maandalizi, na Umoja wa Ulaya huongeza mitatu ya mpito baada ya nchi kutoka. Ni habari njema kwa taifa, na hakuna ushuru utakaopanda kesho.

Hata hivyo, mtu anayejenga kiwanda cha kukaanga kahawa mwaka huu kwa mkopo wa miaka kumi anajenga kitu ambacho huenda kitakuwa bado kinadaiwa benki wakati nafuu hiyo inafika ukingoni. Hesabu zake za mkopo zinatakiwa kuwa na mstari wa ushuru wa asilimia 7.5, endapo hakutakuwa na nafuu nyingine, na afisa mikopo anatakiwa kuuulizia. Wizara yenye dhamana ya biashara nayo inahitaji kujua, bidhaa kwa bidhaa na kwa namba ya HS, nani ataguswa na kwa kiasi gani, kabla haijakaa mezani na Ulaya kujadili kitakachofuata. Taarifa hizo wanazo wenye viwanda wenyewe. Wazipeleke kupitia TCCIA au vyama vya mazao yao kabla ya mapitio ya 2027, zikiwa na bei, kiasi na nchi wanakouza, na waombe risiti ya kupokelewa.